Kadi Iliyobaki Kongolo

Harufu ilitangulia nguo. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati la Mama, siku ya tatu baada ya kumzika, na Mama mudogo, ndugu yake, alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri tugawane vitenge. Nilipoinua kifuniko haikunijia sabuni wala naftalini. Yalinijia mafuta ya taa. Si yale ya kibatari yanayochoma pua, bali yale yaliyolala miaka mingi ndani ya mbao na karatasi hadi yakapoa, yakachanganyika na vumbi, yakawa na utamu kidogo.

"Yaya alikuwa anaweka mafuta ya taa mu nguo?" Mama mudogo aliuliza kuhusu dada yake mkubwa, mkono puani.

Nilikuwa nimeshakuwa tena na miaka tisa.

Wanaonifahamu tangu chuoni Lubumbashi wanajua kwamba mimi ni mtu wa kubisha. Nimembishia padri, nimembishia mganga, nimembishia profesa wa takwimu, na mjomba aliyeniambia kwamba mwanamke anayesoma sana hukauka. Siamini mizimu. Naandika haya kwa ajili yenu mliokua wakati mmoja nami, mlioimba mbele ya bendera ya kijani kila asubuhi na kuwaita walimu "Sitwayeni", kwa sababu ninyi hamtahitaji kuelezwa jinsi mtoto alivyoweza kuamini jambo ambalo hakuna aliyemwambia, na kuliamini hasa kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Harufu ile haikuwa ya nyumba yetu. Ilikuwa ya chumba cha vitabu cha shule yetu ya msingi, Kalemie, mwisho wa jengo, upande wa reli. Mchwa walikuwa wameshakula milango miwili ya shule na kiti cha direkteri, lakini hawakuwahi kugusa kitabu, kwa kuwa kila Jumamosi, sisi tukiwa nje tunafyeka majani ya salongo, ile kazi ya lazima kwa wote, mtunza vitabu alizipaka rafu zake mafuta ya taa kwa kitambaa, ubao mmoja mmoja, kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Jina lake lilikuwa Papa Mulongo. Watoto tulimwita Shefu wa Gare, yaani mkuu wa stesheni, kwa sababu alikuwa amefanya kazi katika biro ya mizigo ya reli mpaka masikio yalipomharibikia. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na uhai kidogo. Shule ilimpa vitabu kwa kudhani kwamba kazi hiyo haihitaji masikio. Basi chumba chetu cha vitabu ndicho pekee ninachokijua ambamo kunong'ona kulikuwa kosa.

"Unataka nini, mutoto?"

"Kitabu ya simba!"

"Ya nini?"

"Ya SIMBA, Papa!"

Na wavulana wa mwaka wa tano waliokuwa nje ya dirisha walinguruma wote kwa pamoja.

Hakuwa mwalimu, na labda ndiyo maana alitufundisha. Hukuweza kurudisha kitabu kwake mpaka ujibu swali moja, lile lile kwa kila mtoto: "Nani alikosea humu ndani?" Ungeweza kusema fisi, ungeweza kusema mfalme, ungeweza kusema hata yule aliyeandika, jibu lolote alilipokea, mradi umwonyeshe ukurasa. Aliyeshindwa alirudi nyumbani na kitabu chake. Na mtoto mzito wa kusoma, yule anayechekwa darasani, alimketisha upande wa sikio la kulia. "Mimi ni kiziwi," alimwambia. "Nisomee, nisaidie." Mtoto akasoma kwa nguvu, kwa kiburi cha mtu anayetoa msaada, na baada ya muhula mmoja hakuna aliyemcheka tena.

Juu ya meza yake kulikuwa na sanduku refu la mbao alilolitengeneza mwenyewe. Kila kitabu kilikuwa na kadi, na kitabu kilipotoka, jina lako liliandikwa kwenye kadi na kadi ikabaki sandukuni. Ndani aliligawa kwa vibao vinne vilivyosimama, na juu ya vibao, kwa rangi nyeupe, aliandika vituo vya njia ya reli aliyoijua maisha yake yote: Kalemie, Nyunzu, Kabalo, Kongolo. Wiki ya kwanza kadi yako ilikaa Kalemie. Kila Jumatatu aliisogeza kituo kimoja. Mwenye kadi iliyofika Kabalo alikumbushwa mbele ya wenzake: "Weye, kitabu yako iko Kabalo, inalia!" Ikifika Kongolo, Papa Mulongo alipanda baiskeli akaenda kuitafuta nyumbani kwenu. Baada ya Kongolo hakukuwa na kibao. "Mbele ya hapo mimi sina tiketi," alisema.

Msomaji wake mkubwa alikuwa dada yangu Feza, wa mwaka wa sita. Jina la Feza lilikuwa kwenye kadi nyingi kiasi kwamba wavulana walisema ameilipia rafu mahari. Jioni, Mama akichochea mkaa wa jiko letu la mbabula, Feza aliketi juu ya kinu kilicholazwa na kumsimulia alichosoma siku hiyo, akikitoa kwenye Kifaransa na kukimimina kwenye Kiswahili chetu. Mama hakujua kusoma. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni, na alipoulizwa kwa nini hakwenda shule alisema macho yake ni ya samaki. Lakini Feza alipofika mahali pazuri, Mama aliacha mkaa uzimike.

Kitabu cha mwisho Feza alichokileta nyumbani kilikuwa na jalada la kijani. Kilihusu msichana anayefuata mto kwenda juu ili aone unapoanzia. Hakukimaliza kutusimulia.

Kolera iliingia mtaani kwetu mwishoni mwa mvua. Baba alikuwa safarini na meli ya mizigo. Nakumbuka Feza amelala juu ya mkeka chini ya dirisha, mchana kweupe, midomo yake imepasuka, macho yamezama. Aliomba maji, Mama akampa kikombe. Aliomba tena. Jirani yetu mmoja alikuwa amesimama mlangoni, kitenge mdomoni, akasema, "Usimupe, Mama. Maji njo inamumaliza. Hauoni vile inatoka yote?" Mama alisimama na kikombe mkononi. Kisha akakiweka dirishani. Hilo ndilo la mwisho nililoona, kwa kuwa Mama mudogo alinishika mkono tukaenda kwake Lubuye, "siku mbili tu", na siku mbili zikawa karibu mwezi.

Niliporudi, ukuta chini ya dirisha ulikuwa umepakwa chokaa na nyumba nzima ilinuka kloro. Mkeka haukuwepo. Nguo za Feza hazikuwepo, wala viatu vyake, wala kinu alichokuwa akikalia. Watu wa afya walikuwa wamechoma kila alichogusa.

"Feza iko wapi?"

"Amesafiri," Mama alisema.

"Amesafiri wapi?"

"Mbali. Usiniulize tena."

Mnajua kwetu ilivyokuwa. Mtoto haambiwi kifo, kisije kikajua jina lake. Mwili wa aliyekufa kwa kolera haukurudishwa nyumbani, hakukuwa na kilio mlangoni, hakukuwa na matanga. Mimi nilipewa neno moja tu, amesafiri, na nikaliweka mfukoni kama tiketi.

Kilichobaki ni kikombe. Kila asubuhi, kabla ya kubeba beseni lake la ndagala, Mama alikijaza maji na kukiweka dirishani, juu ya mahali pa mkeka. Jioni maji yalikuwa yamepungua. Leo naweza kuwaeleza jua la Kalemie linafanya nini kwa kikombe kilichoachwa wazi, na kuku wa jirani pia. Wakati ule niliyatazama maji yale na nywele zikanisimama. Siku moja, nikiwa na kiu kutoka shule, niliyanywa. Mama alinipiga. Hakuwahi kunipiga kabla wala baada ya siku hiyo, na alipomaliza alikuwa analia yeye.

Shuleni wenzangu walinikwepa. Nilikaa nyuma, sikuandika, sikujibu. Mwalimu alimwambia Mama kwamba nikiendelea hivyo nitarudia mwaka, na Mama akasema basi heri nimsaidie kukausha samaki. Kumbe hapo ndipo maisha yangu yalipokuwa yanaamuliwa, na mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nawaza dirisha tu.

Papa Mulongo ndiye aliyekuja kunichukua darasani. Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Sitwayeni, nipe ule mudogo wa Feza, nina kazi naye!" Kazi yenyewe ilikuwa kupangusa vibao vya sanduku. Nikapangusa Kalemie, nikapangusa Nyunzu, Kabalo. Nyuma ya Kongolo ilikuwapo kadi moja tu. Juu yake, kwa mwandiko wa duara wa shefu wa gare, kulikuwa na jina la dada yangu.

Nilielewa yote kwa mara moja. Kongolo ndiko alikoishi mama yake baba, bibi tuliyemwita kambo, ambaye sikuwahi kumwona. Kongolo ndiko treni ilikokwenda. Feza alikuwa amesafiri, na hapa palikuwa na mtu wa reli ambaye alijua amefika wapi na ameliandika. Mama hakutaka kusema kwa sababu Feza alikuwa ameondoka na kitabu cha shule. Niliona aibu hiyo wazi kabisa. Hakuna kitu kilichobaki bila maelezo. Tangu siku hiyo ninaogopa maelezo yasiyobakiza kitu.

Sikuweza kumuuliza Papa Mulongo. Kumuuliza ilikuwa kumpigia kelele, na shule nzima ingesikia. Basi nikachana karatasi kwenye daftari la hesabu, nikaandika, na nilipopangusa tena siku ya pili nikaiingiza nyuma ya kadi. *Feza nimeona jina yako. Uko kwa kambo? Mama hasemi kitu. Unarudi lini?*

Siku mbili baadaye: "Mudogo wa Feza! Kuna kitabu yako!"

Kilikuwa kitabu chembamba cha kaa aliyekataa kutembea upande. Karatasi yangu haikuwepo sandukuni. Nilisimama katikati ya chumba, harufu ya mafuta ya taa kichwani, na mgongo wangu ukawa baridi, kwa sababu hadithi ile niliijua. Feza ndiye aliyeisimulia kwenye mbabula, akitembea wima na vidole vimekunjwa, Mama akicheka mpaka akashika ubavu. Feza alikuwa amenijibu.

Nilikisoma mara nne. Papa Mulongo aliponiuliza nani alikosea humu ndani, nilipaza sauti kwa mara ya kwanza tangu Lubuye: "Kaa wengine! Ukurasa wa kumi na mbili!"

"Kwa nini?"

"Walimucheka, hawakumuuliza anaenda wapi!"

Alinisogezea kadi na kalamu. "Andika jina yako," alisema.

Niliandika barua sita kwa jumla, na vikaja vitabu vitano. Nilianza kujibu darasani. Kifaransa kilifunguka, kwa kuwa kitabu cha tatu hakikuwa na picha, na nisingeweza kumwacha Feza anazungumza peke yake. Katika barua ya nne nilimuuliza, *Unakumbuka ulichoniambia siku niliogopa radi?* Hilo lilikuwa jambo la mimi na yeye, chini ya kitenge kimoja, mvua ikipiga bati; aliniambia ni wazee wa mvua wanahamisha ngoma zao. Kitabu kilichokuja kilikuwa cha kijiji ambacho mvua imekihama kwa sababu watu waliwaibia wazee wa juu ngoma. Niliingia chini ya meza ya Mama, mchana, nikakaa huko nikiwa nimekumbatia kitabu, na ninaapa, mimi nisiyeapa, kwamba nilisikia ukurasa ukifunuliwa karibu na dirisha.

Katika majuma hayo Papa Mulongo alikuja kwetu kwa baiskeli zaidi ya mara moja. Niliwaona nyuma ya nyumba, kati ya vichanja vya samaki. Mama ameinama, mdomo wake karibu kabisa na sikio la kulia la Papa Mulongo, akisema kitu kwa muda mrefu. Nilijua wanachosema. Kadi iliyofika Kongolo hutafutwa nyumbani. Mama alikuwa akikana kwamba Feza ameondoka nacho. Nilimwonea huruma kwa kusema uongo, nikaenda zangu.

Kisha akaja inspekteri, na suti ya abakosti ya kijivu na kalamu mbili. Alilitazama sanduku akacheka. "Hapa ni maktaba ao ni gare?" Akavuta kadi za vitabu vilivyopotea, akaamuru zitolewe, kwa sababu kitu kilichopotea hakiwezi kuwa njiani. Mimi niliingia baadaye kupangusa. Nyuma ya Kongolo hapakuwa na kitu.

Baada ya Kongolo hakukuwa na kibao. Nilijua maana yake. Feza alikuwa anaondoka kwa kambo, anakwenda mahali ambapo hata shefu wa gare hana tiketi, na mtu pekee aliyelijua hilo nilikuwa mimi. Niliandika barua ya sita hapo hapo, nimesimama: *Usiondoke. Nakuja mwenyewe leo na treni.* Nikaiweka mahali pa kadi, nikachukua mihogo mitatu jikoni, nikateremka kwenda gare.

Treni ilikuwa imejaa magunia ya ndagala na watu waliokaa juu ya magunia. Nilipita chini ya mkono wa mwanamke mwenye kuku wawili, nikajibana kando yake. Alidhani mimi ni wa mtu mwingine. Filimbi ya kwanza ikalia. Nilikuwa na furaha, hilo nalikumbuka. Sijawahi tena kujua kwa hakika namna ile kwamba ninakwenda kumwona mtu.

Baiskeli ya Papa Mulongo ilikuja juu ya jukwaa la gare, kitu kilichokatazwa, na wafanyakazi wa reli wakampisha kwa sababu walimjua. Alipita behewa moja baada ya jingine, karatasi yangu mkononi. Aliponiona hakupanda. Aliliweka gurudumu la mbele ukutani.

"Shuka, mutoto."

"Sishuki! Ninaenda Kongolo!"

"Kufanya nini?"

"Kumuona Feza!"

Mwanamke mwenye kuku akaingilia. "Papa, unamusumbua mutoto ya nini? Mwache amuone huyo Feza wake."

Papa Mulongo alimtazama mdomo wakati akisema. Kisha alinitazama mimi. Filimbi ya pili ikalia na behewa likashtuka. Alisogea, akashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, akaleta uso wake karibu na wangu. Alinuka mafuta ya taa.

"Feza hayuko Kongolo," alisema. "Kadi njo ilikuwa Kongolo. Feza alikufa. Alikufa siku ile ile ulipelekwa Lubuye, kule hospitali. Mimi nilikuwa kwa kaburi."

Leo ninaamini alidhani ananong'ona. Sauti yake, ambayo hakuwa akiisikia mwenyewe, ilikwenda kutoka kichwa cha treni hadi mkia. Wapagazi waliteremsha mizigo. Mtu mmoja alivua kofia. Mwanamke mwenye kuku alisema, "Yesu Maria," akanishika kwapani, akanikabidhi kwake kama mzigo kupitia mlangoni, na treni ikaondoka.

Alinipakia nyuma ya baiskeli. Nyumbani Mama alikuwa amekwisha pata habari. Gare haiko mbali, na sauti ile ilikuwa imetembea kwa miguu ya watu. Alisimama mbele ya beseni lake.

"Papa, tulisemezana nini, mimi na weye?"

"Mama, treni ilikuwa inaondoka," alisema, akimpa karatasi yangu.

"Ningemwambia mwenyewe."

"Lini?"

Mama alipiga beseni teke, ndagala zikamwagika uwanja mzima. "Umemuzika mara ya pili! Na mbele ya batu wa gare!"

Hilo Papa Mulongo alilisikia. Alipanda baiskeli akaondoka, na hakurudi tena nyumbani kwetu.

Mimi nilirudi kwake. Ilinichukua juma zima. Nilipoingia niliangalia sanduku kwanza. Nyuma ya Kongolo, kadi ya Feza ilikuwa imerudi.

"Kwa nini umeirudisha?" nilipaza sauti.

"Kitabu haijarudi. Siwezi kuandika uongo."

"Na vitabu ulivyonipa? Nani alivituma?"

Akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa. Nilipiga kelele mara ya pili, mara ya tatu. Wavulana wa mwaka wa tano walikaa kimya dirishani. Alisema hakusikia. Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo mara pekee alipojificha nyuma ya uziwi wake, na wote wawili tulijua.

Nikaamua kumkamata. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyokuwa msomaji, na sioni aibu kusema. Nilisoma rafu baada ya rafu nikitafuta alipodanganya. Nilizifuata kadi zenye jina la Feza, nikapata ya kaa, nikapata ya mvua, na hapo nikafunga kesi: mzee alichungulia kadi za marehemu, akampa mtoto mjinga vitabu alivyosoma dada yake. Ni uongo wenye wema, lakini ni uongo. Kuhusu ngoma za wazee wa mvua, nilisema ni sadfa. Chuoni nililisimulia jambo hili mara nyingi, kama mfano wa jinsi imani inavyotengenezwa, na watu walicheka mahali pa kucheka.

Alikufa nikiwa Lubumbashi. Baadaye walikuja wenye bunduki wakachukua madirisha na mabati ya shule, na majirani wakachukua mbao kwa kuni. Niliambiwa kwamba rafu zilishika moto kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Sanduku la vituo lilikwenda pamoja nazo.

Sasa nilikuwa mbele ya sanduku jingine, la bati. Niliinua vitenge kimoja kimoja, nikampa Mama mudogo. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa unga, kulikuwa na kitabu chenye jalada la kijani. Maelezo yangu mazuri yalikuwa bado yamesimama. Kisha kitabu kikafunguka chenyewe, kwa sababu kilikuwa kimejazwa karatasi.

Karatasi za daftari la hesabu. Barua zangu, zote sita. Niligeuza ya kwanza. Nyuma yake, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa duara, kulikuwa na mstari mmoja: *Mama anasema alicheka sana ile ya kaa.* Ya pili: *Mama anasema kulikuwa moja ya ndugu wawili na mtumbwi.* Ya nne: *Mama anasema Feza alimwambia mudogo wazee wa mvua wanahamisha ngoma, yeye alisikia toka chumba ingine. Bado sijaona kitabu kama hiyo. Nitafute ya mvua.* Nyuma ya ya sita hapakuwa na kitu. Ile hakuipeleka kwa yeyote kabla ya kupanda baiskeli.

Basi aliyenichagulia vitabu ni mwanamke asiyejua kusoma, mdomo wake kwenye sikio la kiziwi, kati ya vichanja vya samaki.

"Ni nini?" Mama mudogo aliuliza. "Ni barua za baba yako?"

"Ni za shule," nilisema.

Ilikuwapo karatasi ya saba, ambayo sikuiandika mimi. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa hadi karibu kukatika, kama karatasi inayofunguliwa mara kwa mara na mtu ambaye hawezi kuisoma. Mwandiko ni ule ule wa kalamu nyekundu, lakini sauti haikuwa yake.

*Feza. Njo mimi mama yako. Papa huyu anaandika, mimi ninasema. Mudogo wako ameanza tena kusoma, anasoma hata akitembea, utamucheka. Kitabu yako niko nayo. Walipochoma vitu niliificha mu unga. Sitairudisha, usikasirike. Feza, ninataka kukuuliza. Ile siku uliomba maji mara mbili. Mara ya pili sikukupa, walisema maji njo inakumaliza. Kila siku ninakuwekea. Kama nilikosea uniambie.*

Mimi nimesoma. Kuna kurasa katika vitabu vya chuo zinazojibu swali lile kwa mistari mitatu, na ninajua zinasema nini kuhusu maji na kolera. Nimezijua kwa miaka mingi, nilikuja likizo nikiwa nazo kichwani, nikala ugali mbele ya mama yangu, chini ya dirisha lenye kikombe, na hatukuwahi kulizungumza. *Nani alikosea humu ndani?* Ningeweza kuonyesha ukurasa.

Mama mudogo alikuwa ameshaanza kukunja vitenge vyake. Niligeuza karatasi, pale ambapo nyuma ya barua zangu Papa Mulongo aliandika kitabu cha kunipa. Palikuwa na alama za kufutwa, jambo limeandikwa likafutwa, likaandikwa tena likafutwa, mpaka karatasi ikawa nyembamba. Chini yake yalibaki maneno mawili.

*Bado natafuta.*